Maswali ya Wasomaji: Korosho, Kipaimara na Mwaka wa Usharika

Barua zilizotufikia tangu Pasaka zimefanana kwa jambo moja: karibu zote zinauliza habari za siku ambazo ibada haiwi ile ya Jumapili ya kawaida, siku ambazo madhabahu hubadilishwa kitambaa, kwaya huvaa sare mpya, na wazee wa kanisa huhesabu sadaka mpaka alasiri. Nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, mikoa niliyoitumikia miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nimezisoma kama mtu anayesoma habari za nyumbani. Nimechagua saba. Sikuzijibu kwa urefu ulio sawa, kwa kuwa uzito wake haulingani, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mtaa wetu uko Tandahimba na karibu kila kaya inaishi kwa korosho. Kalenda ya usharika imeweka Sikukuu ya Mavuno mwezi wa saba, nao ndio mwezi tunaokopa ili kupulizia mikorosho. Watu huja mikono mitupu, na wengine hawaji kabisa kwa aibu. Wazee tumegawanyika: wapo wanaotaka siku isogezwe hadi fedha za korosho ziingie, na wapo wanaosema kuigusa kalenda ni ukaidi. Je, mavuno yana tarehe yake katika Kanisa la Kilutheri? Na je, ni sawa mnada uchukue muda mrefu kuliko ibada? (Mzee wa kanisa, Tandahimba)

Jibu: Amina, mzee wangu. Naanza na lile lililonichoma zaidi, yaani watu kubaki nyumbani kwa aibu. Sikukuu ya Mavuno ni ibada ya kumshukuru Mungu kwa alichokwisha kutoa. Mkristo akiogopa kuja kwa sababu hana gunia la kubeba, basi tumekwisha kuigeuza shukrani kuwa kodi, na jambo hilo linapaswa kutengenezwa kabla hata hatujazungumzia tarehe.

Kuhusu tarehe yenyewe, hakuna Jumapili moja ya mavuno inayowafunga Walutheri wote duniani. Ujerumani, walikotoka wamisionari wengi walioleta Ulutheri nchini kwetu, desturi ni kuiadhimisha mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu wakati huo nafaka zimekwisha kuingia ghalani na zabibu zinachumwa. Waliifuata ardhi yao na majira yao, nasi tuna ardhi yetu na majira yetu. Zaidi ya hapo, Kutoka sura ya 23 inawaagiza Waisraeli kuadhimisha sikukuu mbili za namna hii katika mwaka mmoja, moja ya malimbuko ya kazi yao ya shambani na nyingine ya kukusanya mazao mwaka unapokwisha. Kwa hiyo anayesema mavuno yawe mara mbili haleti jambo geni kanisani.

Mtu asiyeishi kwenu hawezi kujua kwa nini Julai ni mwezi mgumu, basi na nieleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Mkorosho huanza kutoa maua katikati ya mwaka, na maua hayo yasipopuliziwa salfa hushambuliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoyakausha kabla hayajafunga. Mkulima wa Tandahimba, Newala au Masasi hujikuta anatoa fedha nyingi katika miezi ileile ambayo korosho haimwingizii kitu. Korosho huanza kuanguka Septemba au Oktoba. Huokotwa chini, hutenganishwa na bibo, tunda lake, huanikwa juani, hupelekwa chama cha msingi cha ushirika, kisha ghala kuu, kisha mnadani, na ndipo fedha huingia katika akaunti ya mkulima. Ndivyo ulivyo mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza huku mwaka 2007, na kati ya kuokota na kupokea fedha kuna kipindi cha kungoja ambacho hakuna mahubiri yawezayo kukifupisha.

Hata hivyo Julai si mwezi mtupu. Mtama upo, mahindi yapo, kunde zipo, muhogo upo, na aliyelima ufuta amekwisha kuupeleka sokoni au yuko mbioni kuupeleka. Chakula cha kaya kimeingia ndani, nasi hatukihesabu kuwa mavuno kwa sababu tu hakikupita benki. Hapo nadhani ndugu wanaotaka siku ihamishwe moja kwa moja wanakosea kidogo, kwa kuwa wataifundisha jamii kwamba Mungu hushukuriwa fedha inapoingia, na kwamba debe la mtama halistahili kufikishwa madhabahuni.

Ushauri wangu ni huu. Siku ya Julai ibaki, iwe ya chakula, isiwe na lengo la fedha lililosomwa kwenye matangazo wala bahasha yenye kiwango. Kila kaya ilete kile inachokula, hata kama ni kibaba kimoja. Siku ya pili muiombe mwezi wa Novemba, kabla ya Majilio. Najua wapo watakaosema kwamba Novemba baadhi ya wakulima huwa bado hawajalipwa, lakini malimbuko ni kile cha kwanza kuingia, wala hakuna aliyeagizwa angoje mpaka gunia la mwisho liuzwe. Mkiisogeza hadi Januari mtakutana na ada, sare na madaftari ya watoto. Jambo hili lipitie baraza la wazee, lifike baraza la usharika, na Mkuu wa Jimbo ajulishwe, ili mtaa usionekane umejitenga. Ninyi kuomba utaratibu ubadilishwe kwa njia ya vikao si ukaidi hata kidogo.

Sasa mnada. Mimi naupenda mnada wa mavuno. Niliwahi kuona yai moja likinunuliwa mara sita, kila mnunuzi akilirudisha mezani linadiwe tena, mpaka likaishia mikononi mwa bibi yuleyule aliyelileta likiwa limefungwa kwenye pindo la kanga yake. Alilitazama, akalifunga tena vilevile, akaenda nalo nyumbani. Furaha ya namna ile ni sehemu ya shukrani. Kosa ni kuuingiza mnada katikati ya ibada, watu wakasahau neno lililohubiriwa. Mazao yaletwe kwa maandamano wakati wa sadaka, yaombewe, ibada imalizike kwa baraka, kisha mnada ufanyike nje chini ya mwembe, na mwenye safari aende zake bila kujisikia ametoroka.

Nawaonya juu ya jambo moja tu. Korosho ghafi zisinadiwe kanisani. Mnajua serikali inavyolitazama suala la kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo, nao hauwi halali kwa sababu umefanyika karibu na madhabahu. Atakayetoa korosho kama sadaka, wazee wakaulize chama cha msingi utaratibu wa kuziuza kabla siku haijafika.

Swali: Mchungaji, shikamoo. Nauza samaki Shangani, Mtwara mjini, na nawalea watoto watatu peke yangu. Binti yangu amemaliza miaka miwili ya mafundisho ya kipaimara na amefaulu. Kamati ya wazazi imepanga mchango wa ukumbi, keki, muziki na mpiga picha, na nimeambiwa asiyechanga mtoto wake hatakuwemo kwenye sherehe. Gauni nalo sijalipata. Nimemwambia binti tungoje mwakani, naye analia kila jioni. Je, kipaimara kikiahirishwa ni dhambi? (Mama wa kipaimara, Mtwara)

Jibu: Marahaba, mama. Si dhambi kuahirisha, lakini usiahirishe. Binti yako amesoma, amefaulu, na mahali pake mbele ya madhabahu hapajanunuliwa na mtu yeyote. Nenda wiki hii kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yenu, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na umwombe afuatane nawe kwa mchungaji. Sherehe ya ukumbini ni mapatano ya wazazi, wala haina mamlaka juu ya ibada. Nawaomba na wazazi wa kamati, popote walipo, wakumbuke kwamba mtoto wa miaka 14 akiachwa mlangoni siku ile hatasahau akiwa na miaka 40.

Naomba unisikilize kidogo kuhusu kipaimara chenyewe, kwa kuwa naona tumekipamba mpaka hatukioni. Sisi Walutheri tuna sakramenti mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana, na kipaimara hakimo katika hizo. Luther hakukihesabu kuwa sakramenti. Utaratibu wa kuwafundisha vijana, kuwauliza maswali mbele ya kusanyiko na kuwawekea mikono uliandikwa katika jimbo la Hesse, Ujerumani, mwaka 1539, na aliyeuongoza alikuwa Martin Bucer. Kusudi lake lilikuwa mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga, asiyeweza kusema lolote, afike mahali pa kuitamka kwa kinywa chake imani ambayo wazazi na wadhamini waliitamka kwa niaba yake. Mungu alikwisha kumshika siku ya maji. Siku ya kipaimara mtoto anakiri kwamba ameshikwa, kanisa linamwombea Roho Mtakatifu amwimarishe, naye anakaribishwa Mezani. Ukumbi na keki hazimo humo.

Mafundisho yenyewe nayo hayakuanza na watu wa ukumbi. Mwaka 1528 Luther alizunguka kukagua sharika za vijijini huko Saksonia, akakuta watu wa kawaida hawajui karibu lolote la imani yao, na wachungaji wengi hawana uwezo wa kuwafundisha. Mwaka uliofuata, 1529, akaandika Katekisimo Ndogo, na juu ya sehemu zake akaweka maneno ya kwamba mkuu wa nyumba awafundishe hivi watu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa kipaimara ni yule aliyemsikiliza mtoto akikariri Amri Kumi jikoni huku samaki wakikaangwa, na huyo, mama, ni wewe.

Kuhusu gauni, naomba niseme waziwazi kwa sharika zote. Nunueni majoho meupe ya usharika, yafuliwe na kutunzwa kabatini, yavaliwe na kila kundi mwaka baada ya mwaka. Gharama itakuwa ya mara moja, na mbele ya madhabahu hapatakuwa na mtoto wa mwenye duka na mtoto wa muuza samaki. Usharika usiokuwa na uwezo huo utumie shati jeupe na sketi au suruali ya shule.

Mwaka mmoja nilikuwa na kijana aliyekuja na viatu vya kaka yake, vikubwa, amejaza karatasi kwenye ncha. Sakafu ya kanisa lile ilikuwa ya saruji tupu, na kila alipopiga hatua vilitoa mlio, kanisa zima likasikia anavyokuja mbele. Swali lake lilikuwa juu ya sehemu ya tatu ya Imani, ile ya Roho Mtakatifu. Alisimama, akafumba macho, akaieleza maana yake kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, bila kukosa neno, kisha akarudi mahali pake kwa mlio uleule. Leo kijana yule ni mzee wa kanisa. Mwite binti yako, mwambie afute machozi, aanze kurudia katekisimo.

Swali: Mchungaji, mimi ni kijana wa Lindi. Rafiki yangu Mkatoliki ananiuliza kila Oktoba kwa nini tunasherehekea kuligawa kanisa. Sina jibu. Siku ya Matengenezo ya Kanisa ni sherehe ya nini hasa? (Mwanakwaya, Lindi)

Jibu: Mwanangu, rafiki yako anauliza swali la haki, na usimjibu kwa ukali. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, alitoa hoja 95 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha, na siku hiyohiyo akamwandikia askofu mkuu Albrecht wa Mainz juu ya jambo hilo. Nia yake ilikuwa kanisa lijadili. Hakuwa anaanzisha kanisa jingine, na mgawanyiko uliofuata ni jambo la kuombolezwa na pande zote mbili. Tunachoshukuru siku hiyo ni Injili iliyosikika upya kama ilivyoandikwa katika Warumi 1:17, kwamba mwenye haki ataishi kwa imani. Ndiyo maana madhabahu huvikwa nyekundu, rangi ya Pentekoste, kwa kuwa tunakiri kwamba Roho ndiye aliyelirudisha kanisa kwenye Neno.

Mwambie pia yaliyofuata, maana vijana wengi hawayajui. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, wawakilishi wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na wa Kanisa Katoliki walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, wakisema kwamba katika misingi ya fundisho hilo wanakubaliana. Tarehe 31 Oktoba 2016 Papa Francis na Askofu Munib Younan, aliyekuwa Rais wa Fungamano hilo, waliongoza ibada ya pamoja huko Lund, Uswidi, kuufungua mwaka wa 500 wa Matengenezo. Usharika wenu ukiitumia Jumapili hiyo kuwasema Wakatoliki utakuwa umerudi nyuma ya mahali ambapo viongozi wetu wamekwisha kufika.

Kwa sisi wa kusini lipo na jambo jingine la kutunyenyekesha. Waanglikana walianza kazi Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakafungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Walutheri wengi wa mikoa hii walikuja baadaye, wakiwa walimu, askari, wauguzi na wafanyabiashara waliohamia kutoka mikoa mingine, wakaanza kusali kwenye nyumba na madarasa ya kuazima. Tunaiadhimisha Siku ya Matengenezo katika eneo ambalo wenzetu walitutangulia kulihubiri Jina lilelile. Mwaka huu mwalike rafiki yako aje kusikiliza, nawe uende kwake siku atakayokualika.

Swali: Nimepanga chumba katika nyumba ya familia ya Kiislamu hapa Mikindani. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza juma moja. Waliniuliza kwa nini sisi tunakula Jumapili, na kwa nini Pasaka yetu haina tarehe, nikashindwa kueleza. Mama mwenye nyumba aliniletea futari nami sikujua kama nipokee. (Mwalimu, Mikindani)

Jibu: Futari ipokee kwa mikono miwili, mwalimu, na sahani usiirudishe tupu.

Siku 40 za Kwaresima huhesabiwa kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi ya kuamkia Pasaka bila kuzitia Jumapili, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuo, na siku ya ufufuo haifungwi. Pasaka nayo, kwa utaratibu uliotokana na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haiji kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Mwaka 2026 Majivu yaliangukia 18 Februari na Pasaka 5 Aprili. Ramadhani hufuata mwezi mwandamo, na mwaka wake ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, ndiyo maana huja mapema zaidi kila mwaka. Mwakani pia zitakaribiana sana, kwani Majivu yatakuwa 10 Februari.

Kuhusu kufunga, Luther aliandika katika Katekisimo kwamba kufunga na kujitayarisha kimwili ni desturi njema ya nje, lakini anayestahili kweli Mezani ni yule anayeyaamini maneno ya kwamba damu ya Bwana ilimwagwa kwa ajili yake. Funga, basi, na ufunge kwa bidii, lakini usifunge ili kushindana na jirani, wala usijione umepungukiwa mbele yake. Waambie kwamba kipindi hiki sisi tunafuatana na Bwana wetu kuelekea msalabani, na kwamba hata Haleluya hatuiimbi katika liturujia mpaka Pasaka. Nimeona ya kuwa majirani wa Kiislamu hulielewa jambo hilo upesi.

Swali: Mimi ni fundi cherehani wa umoja wa wanawake, Nachingwea. Tumepewa kazi ya kushona vitambaa vya madhabahu lakini fedha inatosha rangi tatu tu. Tuanze na zipi? (Mama fundi, Nachingwea)

Jibu: Anzeni na kijani, kwa kuwa ndiyo inayokaa muda mrefu kuliko zote, Jumapili hadi Jumapili baada ya Utatu. Kisha zambarau, inayotumika Majilio na Kwaresima, halafu nyeupe kwa Krismasi na Pasaka. Nyekundu ya Pentekoste na Matengenezo itafuata fedha ikipatikana, na Ijumaa Kuu madhabahu yaweza kuachwa tupu kabisa, jambo ambalo kwangu mimi linahubiri kuliko kitambaa cheusi. Wekeni bitana nzito, maana jua la dirishani hupausha zambarau ndani ya miaka miwili.

Swali: Kwa nini Sikukuu ya Mikaeli imeunganishwa na watoto? Nafundisha shule ya Jumapili Masasi, na kila mwaka watoto huigiza na kuimba, lakini hakuna anayewaambia Mikaeli ni nani. (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Masasi)

Jibu: Tarehe 29 Septemba ni siku ya kale ya malaika mkuu Mikaeli, na somo la Injili la siku hiyo ni Mathayo 18, pale Bwana anapomsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi na kuwaonya wasimdharau mmojawapo wa wadogo hawa, "kwa maana nawaambia ya kwamba malaika wao mbinguni siku zote huutazama uso wa Baba yangu aliye mbinguni." Kiungo kiko hapo. Watoto wasiletwe mbele ili watu wazima wafurahie igizo na kupiga picha. Wawe ndio waliosimamishwa katikati na Bwana mwenyewe. Mpe mtoto mmoja alisome somo hilo, na umpe siku kumi za kujitayarisha, asikwamie kwenye neno "mmojawapo."

Swali: Usharika wetu utatimiza miaka 25 mwakani. Kamati imependekeza fulana, kwaya za kualikwa kutoka Dar es Salaam na harambee ya mnara wa kengele. Mimi ni katibu na sina amani. Ibada ya jubilei inatakiwa kuwa na nini? (Katibu wa usharika, Ruangwa)

Jibu: Mnara ni jambo jema, ndugu katibu, lakini ukiwa ndio kiini cha siku, wageni wataondoka wakijua mnachohitaji bila kujua Mungu amewatendea nini. Katika Kumbukumbu la Torati 26, mtu aletaye kapu la malimbuko haruhusiwi kuliweka chini na kuondoka. Anatakiwa kwanza kusimulia, kuanzia babaye aliyekuwa Mwarami wa kutangatanga, mpaka utumwa wa Misri, mpaka nchi aliyopewa. Jubilei ni ibada ya masimulizi ya namna hiyo.

Fungueni kitabu cha ubatizo. Yasomeni kwa sauti majina ya waliobatizwa mwaka wa kwanza, na walio hai wasimame, hata kama leo wanasali kwingine. Wakumbukeni kwa sala waliozikwa, kwa majina. Mtafuteni mwinjilisti aliyeanza na watu wachache chini ya mti, na familia iliyotoa kiwanja, hata kama ni ya Kiislamu, wakae mbele pamoja na wageni wa jimbo. Simulieni pia jinsi mlivyoingia katika familia kubwa, kwamba KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yenyewe ni muungano wa makanisa saba yaliyokubali kuwa kanisa moja tarehe 19 Juni 1963, nanyi mkazaliwa ndani ya umoja ambao wengine waliugharimia. Harambee ifanyike baada ya baraka, au Jumapili nyingine kabisa.

Hayo yote yanategemea vitabu, nami nimefungua kabati za sharika nikakuta mchwa wamekula kurasa za miaka mitano, ubatizo, ndoa na mazishi pamoja. Kabla hamjaagiza fulana hata moja, toeni vitabu vya kumbukumbu kabatini, mvipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, mnakili kwa mkono yale yaliyofifia wakati wazee wanaoyakumbuka wangali hai, kisha mviweke kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, na ufunguo wake ushikwe na watu wawili.